Pekani Arobaini na Kiazi cha Mama

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimempeleka Baba kupimwa. Kilo arobaini na tatu! Kabla ya Ramadhani alikuwa na hamsini na moja. Nikamwomba nesi autikise mzani kidogo, pengine umekwama. Akanitazama. Nikamvalisha Baba viatu.

Daktari kasema hakuona ugonjwa wowote mbaya. Shida ni kwamba mzee hali. Ana miaka themanini na moja, na mtu wa umri huo asipokula mwili huanza kujila wenyewe. Ale kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku: viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, maharage, karanga za kusaga. Nesi atapita kumpima. Akishuka chini ya arobaini atalazwa, na daktari hakuficha kwamba wazee wanaolazwa katika hali hiyo si wote wanaorudi nyumbani.

Baba yangu asirudi nyumbani? Haiwezekani! Nimeapa: mimi, Sufiani Mansuri, nitamnenepesha kwa mikono yangu.

Njiani Baba kasema hana hamu ya kitu chochote ila kiazi cheupe cha Mama, kichomwe kwenye majivu. Mbegu ile Mama aliipanda mwenyewe kule kijijini kwetu Mgeta, milimani. Matuta mawili tu. Mama alipofariki mwaka juzi Baba akawa anakata marando, yale mashina ya kiazi yanayotambaa, na kuyapanda upya kila msimu, mpaka magoti yalipokataa mlima tukamleta hapa kwetu Kilakala. Nikamweleza kwa upole kwamba kiazi cheupe hakina vitamini A ya maana, ile rangi ya chungwa ndiyo yenye faida. Akajibu, haya mwanangu. Baba hajawahi kubishana na mimi. Ndilo kosa lake.

Jumatano, 7 Mei

Bahati imebisha hodi! Thobias, rafiki yangu anayelinda geti kwenye hosteli ya wageni, kaniletea pakiti aliyoiacha mgeni mmoja aliyerudi kwao. Karanga za ajabu. Ndefu, za kahawia, zina mikunjo. Zinaitwa pekani.

Nimekaa na simu tangu asubuhi nikisoma. Mafuta mazuri ya moyo! Nyuzinyuzi! Zinki! Magnesiamu! Tena kuna jambo kubwa ambalo hata daktari hakunieleza: vitamini A ya kiazi haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Kwa hiyo kiazi cha chungwa peke yake ni kazi nusu. Kiazi pamoja na pekani, hapo sasa mzee atasimama! Zuleha, mke wangu, kasema mafuta hata kwenye karanga za kawaida yamo, na karanga ziko jikoni, debe zima. Zuleha ni mwanamke mzuri lakini hana maono.

Nimeionja moja. Ina chumvi. Nadhani ni yale madini.

Nikampa Baba moja. Nilisahau kwamba meno yamebaki matatu, tena hayatazamani. Kaizungusha mdomoni kwa muda mrefu sana, kwa heshima zote, kisha kaitoa na kunirudishia kiganjani. Nzima. Haina chumvi tena.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetwanga! Kinu cha Zuleha kimefanya kazi ya kihistoria. Viazi lishe vya kuchemsha, pekani zilizosagika, maziwa kidogo. Nimeupa mchanganyiko jina: Nguvu ya Mansuri. Baba akipona nitauza mji mzima, kuanzia kwa mama wajawazito.

Baba kala vijiko vitatu. Nikaona anavyojilazimisha, macho yakimtoka machozi kidogo. Nikaandika: vijiko vitatu, mafanikio. Kisha akapigapiga mkeka kwa kiganja, akasema nikae kidogo nile naye, yeye hajazoea kula peke yake. Mama hakuwahi kumwacha ale peke yake miaka hamsini. Nikamwambia nitakuja sasa hivi, nimalize kwanza kuandika lebo.

Nilipomaliza lebo alikuwa amelala.

Mchana akaingia Kibwana. Nilijua tu! Kibwana ni mtoto wa shangazi yangu, dada yake Baba, anaishi Mgeta. Kashuka na lori la mboga, na matembele, na maharage mabichi, na ile sauti yake ya kuvuta ya kule juu. Shikamoo mjomba huku, shikamoo mjomba kule. Kakaa mkekani saa nzima. Baba kacheka! Mimi mtoto wake sijasikia kicheko kile tangu mwaka juzi. Iliniuma, siwezi kuficha.

Kibwana kamwambia Baba kwamba viazi vya Mama vimebakiza wiki tatu, akivichimba tu analeta kikapu. Baba kauliza mara mbili: wiki tatu? Tatu, mjomba. Baba akaanza kuhesabu vidole.

Na hapa niseme ukweli, maana shajara hii haisomwi na mtu. Sisi Waluguru ardhi huenda kwa upande wa mama. Shamba la Baba ni la ukoo wa Baba, na mimi ni wa ukoo wa Mama. Baba akifumba macho, shamba linakwenda kwa watoto wa dada yake. Yaani kwa Kibwana. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ile, nimechunga mbuzi kwenye mteremko ule, na siku hiyo nitakuwa mgeni wa kukaribishwa chai. Nimekuwa nikilijua jambo hili tangu utotoni, na bado sijalizoea.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefanya jambo kubwa leo.

Mpango ulinijia jana msikitini, Mungu anisamehe. Pekani zinakwisha. Zikiisha, Baba atakula nini? Dawa ni kupanda! Nimesoma kwamba mpekani unaishi miaka mia na zaidi. Kwa Baba, chakula. Kwangu mimi, mti. Na kwetu mti si kitu kidogo. Anayelima ardhi isiyo ya ukoo wake hupanda mahindi, hupanda maharage, avune aende zake. Hapandi mti wa kudumu. Mti ni kusema hapa ni pangu. Sasa ukoo wakija kunikuta na miti arobaini imesimama, watasema nini?

Zuleha kauliza mpekani unazaa baada ya muda gani. Nikasema miaka minane, kumi. Akauliza Baba anatakiwa kurudi mzanini lini. Nikaenda kutafuta jembe.

Kibwana alikuwa bado mjini kwa mambo yake. Nikapanda lori tupu linalokwenda kupakia kabichi. Mgeta ukungu mpaka magotini. Shamba zima limejaa maharage ya Kibwana, hakuna nafasi, ila yale matuta mawili ya Mama. Nikasimama pale kidogo na jembe. Nikajiambia kwamba ni viazi vyeupe, havina vitamini. Ni sayansi tu.

Nikang'oa.

Vilikuwa bado vidogo, kama vidole gumba. Marando pamoja na vile viazi nikavisukumia kwenye zizi la jirani, mbuzi wakashukuru. Jirani mwenyewe, mama Regina, akatoka na kuuliza ninafanya nini, si haya ni ya marehemu mama yako? Nikamwambia ni utafiti. Kisha nikapanda pekani arobaini, nikizichagua zilizo nzima nzima, kila moja na kijiti chake. Katikati nikachomeka marando ya viazi lishe niliyotoka nayo mjini. Palipendeza kweli. Nilishuka na lori nikiwa juu ya kabichi, naimba.

Jumatatu, 12 Mei

Nilingoja Baba awe na nguvu kidogo ndipo nimpe habari njema. Leo kala nusu kikombe cha uji. Nikakaa mkekani, nikamweleza yote: pekani, zinki, vitamini, miaka mia. Nikamwambia nimesafisha matuta.

Akauliza matuta gani.

Nikamwambia.

Akaniuliza kama nimebakiza hata shina moja. Nikaanza kumweleza tofauti ya kiazi cheupe na cha rangi. Akasema, haya mwanangu. Kisha akageukia ukutani. Amebaki hivyo mpaka sasa. Nilidhani atafurahi. Kwa kweli nilidhani atafurahi.

Zuleha kasikia yote. Anaweka sahani chini kwa kelele.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbaya. Nesi kaja kumpima. Kilo arobaini na moja. Presha imepanda, na kabla ya hapo Baba hajawahi kuwa na presha. Nesi kauliza nani anampa mzee chumvi nyingi. Nikamwambia hakuna, isipokuwa madini ya asili. Zuleha akachovya kidole kwenye Nguvu ya Mansuri, akalamba, akamtazama nesi. Wanawake hao wawili wakatazamana kwa muda ambao sikuupenda.

Mchanganyiko wote Zuleha kawamwagia kuku. Jogoo anakula kwa raha zote. Huyo atanenepa!

Baba hajala tangu juzi ila maji na tende moja. Nikajaribu kumlisha kwa kijiko, akafungua mdomo kama mtoto ili kuniridhisha, uji ukatoka pembeni. Nikamfuta. Kidevu chake kimekuwa kidogo. Sikujua kidevu cha mtu mzima kinaweza kupungua.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, halafu nikasema ni vumbi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimepanda tena Mgeta. Nilitaka kutafuta hata kiazi kimoja cha Mama kilichosalia ardhini. Nimechimba kwa mikono tangu saa tatu. Hakuna. Nilikuwa nimeng'oa vizuri mno. Kazi pekee niliyowahi kuifanya kikamilifu maishani!

Nikainua kichwa, nikaona watu. Kibwana. Mama Regina. Na mbele yao Mzee Ahmadi, mkubwa wa ukoo wa Baba, na fimbo yake. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, alikuwa anahesabu vijiti. Akauliza, hii ni miti? Nikasema ni miti. Akauliza ni nani aliyeniruhusu kupanda mti kwenye ardhi ya ukoo, na mwenye kuitunza bado yu hai, amelala kwangu. Kibwana akawa anatazama tu yale matuta. Angetukana ningepata nafuu.

Mzee Ahmadi akaagiza ichimbuliwe moja. Akaipangusa kwenye kanzu, akaitazama kwenye mwanga. Akaitia mdomoni! Akatafuna polepole. Wote tukangoja. Kisha akasema hii imekaangwa. Imekaangwa na kutiwa chumvi.

Kilichofuata sitaki kukiandika. Nitakiandika. Mama Regina alikaa chini kabisa kwa kucheka. Watu wa mteremko wa pili wakaacha majembe wakauliza kuna nini, wakaambiwa kwa sauti, wakacheka wao, wakawapasha wa mteremko wa tatu. Mzee Ahmadi akakata shauri palepale: kosa halipo, kwa kuwa karanga ya kukaanga si mti. Akachimbua mbili nyingine akala, akaniruhusu niende zangu.

Nimesamehewa. Sijawahi kuaibika namna ile.

Niliposhuka nikapita sokoni, nikachagua kiazi cheupe kizuri, nikakichoma kwenye majivu. Nikampelekea Baba. Nikamwambia nimekipata kwenye tuta la Mama. Akakinusa. Akamega kipande kidogo, akakiweka mdomoni, akaniangalia kwa muda. Akasema nimefanya vizuri. Akala kipande kingine. Basi.

Hakujua! Moyo umetulia kidogo. Lakini Zuleha alisimama mlangoni akajifuta macho kwa kanga, sijui kwa nini.

Jumanne, 20 Mei

Kibwana kaja bila kungoja lori la mboga, kakodi pikipiki kutoka juu, vumbi mpaka kwenye kope. Viazi vitatu ndani ya kitambaa. Kumbe miaka ile Mama alimpa mama Regina marando machache apande nyuma ya jiko lake, na mama Regina hakumwambia mtu. Kavichimba kabla ya wakati. Vidogo, lakini vya Mama.

Zuleha akavichoma. Harufu ikajaa nyumba. Baba alikuwa amelala, akafumbua macho kabla hatujamwita. Akaomba ainuliwe. Tukamwinua mimi na Kibwana, kila mmoja bega lake. Alikuwa mwepesi mno, nilitamani awe mzito.

Akamenya kimoja mwenyewe! Vidole vinatetemeka, anapuliza. Kala nusu nzima. Mate yakamjaa, akacheka, akasema Mama alikuwa na kawaida ya kumfichia kile kilichoungua upande mmoja, maana kina utamu zaidi. Kibwana akaomba radhi akatoka kwenda kuswali. Baba akaikata ile nusu nyingine kwa ukucha, akaninyooshea. Akapiga mkeka kwa kiganja.

Simu ikalia. Thobias. Alikuwa anauliza habari za kesi, watu wa mjini wameshaisikia. Nikatoka nje kumweleza upande wangu. Ilikuwa lazima nieleze upande wangu! Nikaeleza kwa kirefu.

Niliporudi Baba alikuwa amelala. Nusu yangu ilikuwa kwenye sahani, kaifunika kwa kawa ili nzi wasiiguse. Sikutaka kula peke yangu. Nikajiambia nitakula naye kesho akiamka na nguvu.

 

Ijumaa, 23 Mei

Baba kafariki jana asubuhi. Juzi nzima sikukaa nyumbani, hilo sina la kulisemea. Zuleha alikuwa anamnawisha uso. Mimi nilikuwa dukani kununua mzani mdogo ili nimpime kila siku.

Tumempandisha Mgeta. Kazikwa upande wa ukoo wake, juu ya lile shamba. Kibwana aliingia kaburini kumpokea, mimi nikawa upande wa miguu. Udongo wa kule ni mweusi na laini. Nilitupa konzi tatu kama wengine, nikaona mikono yangu bado ina mikwaruzo ya siku ile ya kuchimba.

Tumerudi mjini jioni. Zuleha akaniletea sahani. Ile nusu. Hakuna aliyeigusa. Kilikuwa kimeanza kuchacha, na upande mmoja umeungua.

Nikakaa mkekani pake, nikakila chote.

Jumanne, 1 Julai

Arobaini ya Baba. Kisomo, pilau, watu wengi. Mzee Ahmadi akatamka mbele ya ukoo kwamba shamba ni la Kibwana. Nilidhani ningeumia. Sikuumia sana. Lililokuwa linaniuma halikuwa shamba, naona leo, na limeshazikwa.

Kibwana akanivuta pembeni. Akasema niende nikapande maharage pale wakati wowote, sihitaji kuomba. Kisha akanipa kifurushi cha majani ya mgomba kilicholoweshwa maji. Marando ya Mama. Mama Regina kahama kwenda kwa mwanawe Dakawa, jiko lake limebomolewa, na shamba bado halijatayarishwa, kwa hiyo haya ndiyo yote yaliyobaki. Nikae nayo, niyaoteshe, msimu ujao tugawane.

Nililia mbele za watu. Nikamkumbatia Kibwana kwa nguvu, tukawa kama ndugu. Nimemwapia Zuleha: sina mipango tena. Basi! Nimeelewa. Nimeyapanda nyuma ya bafu, maji yanapotiririka, mahali pekee penye unyevu kwenye kiwanja chetu. Nitayatunza kama alivyoyatunza Baba. Nitakula kiazi cheupe na mke wangu, nimekaa, simu nimezima.

Alhamisi, 3 Julai

Thobias kapiga simu asubuhi. Mgeni mwingine kaondoka, kaacha pakiti ya karanga nyingine za ajabu. Makadamia!

Nimesoma. Mafuta yake mazuri kuliko ya pekani. Wazee wangapi mji huu hawali? Kama Baba angezipata mapema! Lakini safari hii sikurupuki, nimejifunza. Nimezionja kwanza, moja moja. Hazina chumvi hata chembe! Zina utamu fulani kwa juu, unanata vidoleni kama asali. Mti unaozaa karanga pamoja na asali yake!

Zinataka unyevu ili ziote. Unyevu uko mahali pamoja tu. Nimeyang'oa marando kwa uangalifu mkubwa, hata mzizi mmoja haukukatika, nikayalaza juu ya bati la banda la kuku. Siku mbili tatu hayana neno, nitayatafutia pengine. Zuleha yuko sokoni. Jua limekuwa kali leo, na jogoo anapenda kupanda pale juu.

Kibwana kapiga simu kuuliza kama marando yameshika. Nimemwambia yameshika vizuri sana.